Mama hana "uvimbe" wa kuogopwa: jinsi ya kuyafungua majina ya mifupa, viungo na misuli

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67. Amepigwa eksirei ya goti la kulia na ya kiuno, tukapewa karatasi ya majibu na kuambiwa tuje nayo kliniki baada ya wiki mbili. Nikaona nimfasirie. Karatasi inasema goti lina osteoathritisi upande wa mediali, nafasi ya kiungo imepungua, kuna osteofiti, sklerosisi ya subkondrali na efusheni kidogo. Kiuno kina spondilosisi, tena spondilolistesisi ya gredi ya kwanza ya L4 juu ya L5, na mifupa inaonyesha osteopenia. Nilisoma mahali kwamba "-itisi" ni uvimbe, nikamwambia, "Mama, una uvimbe kwenye goti." Tangu siku hiyo halali. Anaamini ni saratani na kwamba mimi ninamficha. Je, nilikosea? Na mtu asiyesomea udaktari anaweza kujifunza kuyasoma maneno haya?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kabla hujasoma mengine, nenda kamwambie mama hivi: katika maneno yote uliyoyanakili kutoka kwenye karatasi yake, hakuna hata moja lenye maana ya saratani. Mwambie leo, usingoje kliniki. Haya yaliyobaki yatakusubiri.

Sasa tuzungumze. Umeuliza kama ulikosea. Ulikosea kidogo, na si wewe peke yako. Kosa hilo nimelisikia kwa wauguzi na kwa madaktari wenzangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nalifanya nilipoanza kazi. Shida imo ndani ya neno "uvimbe". Kiswahili kimelitwisha mizigo minne ambayo lugha ya tiba huitenganisha. Mwili ukipambana na jeraha au vijidudu, mahali pale pakawa pekundu, pakapata moto, pakajaa na kuuma, tunasema uvimbe. Hiyo ndiyo -itisi. Seli zikizaliana bila mpango zikafanya donge, tunasema uvimbe. Jina lake mara nyingi huishia na -oma. Maji yakituama katika nyama za mguu, ukabonyeza kwa kidole na shimo likabaki, tunasema uvimbe. Hiyo ni edema. Na maji yakikusanyika ndani ya kiungo chenyewe, bado tunasema uvimbe. Hiyo ni efusheni. Wewe ulitamka la kwanza, mama akasikia la pili. Angefanyaje? Tukisema kwa sauti ya chini kwamba fulani "amekutwa na uvimbe", sote tunajua tunachomaanisha.

Usidhani huu ni upungufu wa Kiswahili. Celsus, Mrumi aliyeandika habari za tiba katika karne ya 1, alitaja dalili nne za hiyo -itisi: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Neno lake la Kilatini la uvimbe lilikuwa "tumor", ndilo hilohilo ambalo leo likitamkwa hospitalini kila mtu hufikiria saratani. Kilatini kiliteleza palepale tunapoteleza sisi.

Kwa hiyo unapofasiri, usiseme "uvimbe" ukaachia hapo. Kwa -itisi sema kiungo kimepata moto na kinauma. Kwa efusheni sema maji yamejaa gotini. Kwa -oma sema donge, kisha uliza mara moja ni donge la aina gani, maana -oma nazo hazilingani: lipoma ni donge la mafuta, osteoma ni kinundu cha mfupa kisicho saratani, hematoma ni damu iliyovilia tu. Za kutisha zipo, sarkoma na mieloma kwa mfano, lakini kwenye karatasi ya mama hazimo.

Nije kwenye swali lako la pili. Unaweza kujifunza, na mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo wengine hawana. Litazame neno "hatukuwatembelea". Hukulikariri zima. Unajua ha- inakanusha, -tu- ni sisi, -ku- ni wakati uliopita, -wa- ni wale, -tembe- ndicho kiini, na ile -le- inaonyesha tungekwenda kwa ajili yao. Mtoto wa miaka mitano huyafungua maneno ya namna hii kila siku bila kufundishwa. Majina ya maradhi ya mifupa, mengi yakiwa yametoka Kigiriki, yameshonwa vivyo hivyo: kiini kimoja au viwili, halafu mkia. Kiini husema wapi. Mkia husema kumetokea nini. Mimi huwashauri wanafunzi wangu waanzie mkiani, kwa sababu mtu aliyeogopa hushika kiini, akasahau kabisa kwamba habari yenyewe iko nyuma.

Viini vya kutosha kuanzia ni sita. Osteo ni mfupa, athro ni kiungo, kondro ni gegedu, mio ni msuli, tendino ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa, na spondilo ni pingili ya uti wa mgongo. Mikia nayo: -itisi umeshaijua, -osisi ni hali iliyokaa, mara nyingi ya muda mrefu, -algia ni maumivu, -patia ni ugonjwa kwa jumla, bila kusema wa namna gani, -malasia ni kulainika, -penia ni upungufu, -lisisi ni kuachana au kukatika. Ukivishona mwenyewe utaona vinavyofunguka. Kondromalasia ni gegedu lililolainika. Tendinopatia ni ugonjwa wa kano. Mialgia ni msuli unaouma. Na daktari akiandika athralgia, elewa kwamba hajataja ugonjwa wowote: ameandika kwa Kigiriki yale uliyomwambia, kwamba kiungo kinauma, na chanzo bado anakitafuta. Nimeona watu wakiondoka na neno hilo wakidhani wamepata jina la maradhi yao.

Mikia ya upasuaji sitaikalia sana. Athroskopi ni kuchungulia ndani ya kiungo kwa kamera nyembamba, athrosentesisi ni kuvuta maji kwa sindano, athroplasti ni kukitengeneza upya kiungo au kuweka cha bandia, athrodesisi ni kukiunganisha kisikunjike tena. Ukisikia moja kati ya hizi, mkia utakwambia kama ni kuchungulia au ni kukata, na hiyo ni tofauti kubwa kwa anayelala kitandani.

Jambo moja la kukusaidia ukiwa na karatasi mkononi: hapa ninaandika kwa matamshi yetu. Kule utayakuta kwa tahajia yao. Penye k yangu tarajia c au ch, penye f tarajia ph, i nyingine zitakuwa y, athro ina r kabla ya th, na irabu yangu ya mwisho mara nyingi haitakuwepo. Soma kwa sauti; sikio litalitambua neno kabla ya jicho.

Turudi kwenye goti la mama.

Osteoathritisi: mfupa, kiungo, -itisi. Ukiifungua kwa kanuni niliyokupa unapata "kiungo na mifupa yake vimepata moto". Hapo kanuni inahitaji msaada. Upo ugonjwa ambao moto ndio chanzo chake, nao ni athritisi ya rumatoidi, ambamo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Osteoathritisi si huo. Kwake, jambo kuu ni gegedu kupungua na mfupa ulio chini yake kujibu kwa kujijenga upya. Ndiyo maana baadhi ya madaktari walipendelea kuiita osteoathrosisi, wakabadilisha mkia peke yake. Jina la -itisi likashinda kwa mazoea, na kwa kweli siku hizi inajulikana kwamba moto mdogo upo ndani ya kiungo hicho. Kwa mama yatosha useme: kiungo kimechakaa.

"Nafasi ya kiungo imepungua" haina Kigiriki hata kidogo, na bado ndiyo sentensi inayopotosha watu wengi kuliko zote. Katika eksirei utaona mfupa wa paja na mfupa wa goko vikiwa vimeachana, kama kwamba mmoja unaelea juu ya mwingine. Katikati panaonekana patupu. Hapako patupu: pana gegedu, ile tandiko nyeupe laini inayofunika ncha za mifupa, pamoja na menisko, vile vipande vya gegedu vilivyo kati ya mifupa ya goti, lakini eksirei haiwezi kuvionyesha. Picha ikionyesha "nafasi" imepungua, maana yake tandiko limepungua unene. Ukipata fursa, uliza kama mama alipigwa picha akiwa amesimama. Akiwa amelala, uzito haupo gotini na nafasi huonekana pana kuliko ilivyo.

Mediali ni upande unaotazama goti jingine. Wa nje huitwa laterali. Upande wa mediali ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito mtu anapotembea, kwa hiyo si ajabu kuchakaa kwake kutangulie. Ukichakaa sana, mguu huanza kupinda kwa nje, tunaouita matege, na kwenye karatasi utauona ukiitwa varasi. Magoti yakigongana kwa ndani ni valgasi. Na "kulia" siku zote ni kulia kwa mgonjwa, hata kama kwenye picha kunaonekana upande wako wa kushoto.

Osteofiti ni neno ninalolipenda. Osteo ni mfupa, na fiti inatokana na neno la Kigiriki la mmea. Mfupa uliochipua! Pembeni mwa kiungo kilichochakaa, mfupa huota vijinundu, na wengi wetu tunaamini ni jitihada ya mwili kupanua uso wa kubebea uzito. Mama akiuliza, mwambie mfupa umechipua pembeni. Atakuelewa vizuri kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Sklerosisi ni kuwa kigumu. Subkondrali ni sub, chini, na kondro, gegedu. Mfupa ulio chini ya gegedu umekuwa mzito zaidi, kwa hiyo unang'aa mweupe kwenye picha. Tafadhali usilitafute neno sklerosisi likiwa peke yake, maana utaletewa ugonjwa wa neva usiohusiana kabisa na goti, na mtakosa usingizi wawili.

Efusheni kidogo ni maji yaliyozidi kiungoni. Hapa nina ombi. Huenda kuna jirani atakayemwambia mama kwamba goti linauma kwa sababu "ute umekauka". Msemo huo umeenea mno, na karatasi ya mama inasema kinyume chake: maji yamezidi. Ute wa kiungo haukauki kama mafuta ya mashine. Katika osteoathritisi hubadilika, hupoteza utelezi wake, na mara nyingi huongezeka. Nadhani tumeubeba ukavu huo kutoka katika jina la zamani, baridi yabisi. Yabisi kwa Kiarabu ni kavu, na tiba ya kale iliyagawa maradhi kwa baridi na joto, ukavu na umajimaji. Kinachonishangaza ni kwamba Wagiriki, kwa maumivu ya viungo ya aina hiyohiyo, walitumia neno rheuma, yaani kitu kinachotiririka. Ndiko ilikotoka rumatoidi. Wao waliona mtiririko, sisi tukaona ukavu. Jina hubeba nadharia ya aliyelitoa, kwa hiyo usimtibu mama kwa kufuata jina.

Kuhusu ukubwa wa tatizo la goti, karatasi imekaa kimya. Tangu 1957 upo utaratibu wa Kellgren na Lawrence wa kupima kwa hatua, kutoka 0 hadi 4, kwa kutazama mambo hayahaya: osteofiti, nafasi, sklerosisi na umbo la ncha za mifupa. Waulizeni kliniki ni hatua ya ngapi.

Tupande kiunoni. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha fupa la sakramu ambalo ni pingili 5 zilizoungana, na mwisho kabisa kitokono. Herufi huonyesha sehemu na namba huhesabiwa kutoka juu: L4 ni pingili ya nne ya kiuno, nayo imekalia L5.

Sasa angalia jinsi mkia unavyoweza kubadilisha maisha ya mtu. Spondilosisi ni kuchakaa kwa pingili na diski zake, yaani mito laini iliyo kati ya pingili na pingili, hali inayokuja na umri. Spondilitisi ni moto katika pingili. Unaweza kuwa wa vijidudu, kama kifua kikuu cha mifupa, au wa kinga ya mwili yenyewe, ambao mara nyingi huanza ujanani, mgongo ukakakamaa asubuhi na kulegea kadiri mtu anavyotembea. Spondilolisisi ni ufa katika daraja jembamba la mfupa nyuma ya pingili. Spondilolistesisi ni pingili kuteleza mbele ya ile iliyo chini yake. Kiini ni kimoja, mikia minne, na matibabu manne tofauti. Mama anayo ya kwanza na ya nne. Gredi ya kwanza maana yake pingili imeteleza si zaidi ya robo ya upana wa ile inayoikalia, na kwa mtu wa miaka 67 chanzo cha kawaida ni hukohuko kuchakaa. Usimwambie mama kwamba mgongo wake "umeteguka". Neno hilo litamfanya aogope hata kuinama.

Na mtego mmoja hapa, ambao Kigiriki na Kiswahili wameuweka pamoja. Kiini mielo mara humaanisha uboho ulio ndani ya mifupa, kama katika mieloma, na mara humaanisha ugwe mnene wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, kama katika mielopatia. Sisi nasi tunasema "uti wa mgongo" kwa mifupa na kwa ugwe huo pia. Ndiyo sababu "homa ya uti wa mgongo" haina uhusiano na pingili. Mtu akikwambia fulani ameumia uti wa mgongo, uliza: mfupa au neva? Jibu la swali hilo linaweza kuamua kama atatembea. Na usichanganye mielo na mio, msuli, ingawa herufi zinakaribiana.

Maadamu nimetaja mitego yetu wenyewe, nitoke kidogo kwenye karatasi ya mama, kwa sababu siku ya kliniki wewe ndiye utakayesimulia na daktari ndiye atakayefasiri. "Mshipa" kwa Kiswahili unaweza kuwa wa damu, wa neva, kano, hata ngiri. Ukisema "mshipa wa mguu unamvuta", daktari hajui aanzie wapi. Sema kinachotokea: maumivu yanaanzia tako yanashuka mpaka kidoleni kama shoti ya umeme, au ni msuli wa nyuma ya goko unaokaza usiku. Kano nayo tunaitumia kwa vitu viwili. Ipo inayofunga msuli kwenye mfupa, kama ile nene ya kisigino, na ipo inayofunga mfupa kwa mfupa, inayoitwa ligamenti. Ya kwanza ikikatika, msuli hupoteza kazi. Ya pili ikikatika, kiungo hupoteza uthabiti, goti "linatoka" mtu akigeuka. Mimi husema kano ya msuli na kano ya kiungo, nikaepusha maneno mengi. Kuteguka ndiko kunakonisumbua zaidi. Tunasema mguu umeteguka kano ikivutika, tunasema hivyohivyo mfupa ukichomoka kwenye nafasi yake. La kwanza ni la kupumzisha na kufunga bandeji. La pili ni la kukimbilia hospitali, maana mfupa uliochomoka unaweza kubana damu na neva.

Nisikuache na hofu tu ya maneno, kwa sababu ndani yake mna uzuri pia. Watu wa kale waliangalia miili yao wakaona vyombo na viumbe. Msuli kwa Kilatini ni kipanya, nadhani kwa jinsi unavyokimbia chini ya ngozi mtu akikunja mkono. Tibia, mfupa wa goko, ni filimbi. Mtulinga uliitwa ufunguo mdogo. Tundu la nyonga linalopokea kichwa cha fupa la paja lilipewa jina la kikombe cha siki. Sisi tulifanya vilevile kwa macho yetu. Warumi walipoona kisahani mbele ya goti, patela, sisi tuliona pia, ile ya watoto ya kuzungusha, tukaiita pia ya goti. Nyama ya nyuma ya goko Wagiriki waliiona tumbo la mguu, sisi tukaiona shavu la mguu. Ukimweleza mama kwa maneno haya hutakuwa unamrahisishia. Utakuwa unafanya walichofanya wao.

Nimeliacha mwisho neno osteopenia makusudi. Penia kwa Kigiriki ni umaskini: mfupa uliopungukiwa. Halina mkia wa -itisi wala sauti ya kutisha, na nina hakika mlilipita haraka. Kama ungeniuliza ni neno gani katika karatasi hii lisipuuzwe, ningeweka kidole hapa. Mfupa uliopungukiwa hauumi. Hukaa kimya mpaka siku mtu anapoanguka akavunjika kifundo cha mkono au nyonga, na nyonga iliyovunjika uzeeni ni jambo zito sana. Hatua inayofuata ni osteoporosisi, mfupa wenye vitundu. Eksirei ya kawaida haipimi wingi wa mfupa, na upungufu ukishaonekana humo kwa macho, mara nyingi umeshakuwa mkubwa. Kipo kipimo chake maalumu kiitwacho DEXA, chenye alama ya T: tangu 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka kati ya -1 na -2.5 kuwa osteopenia, na -2.5 kwenda chini kuwa osteoporosisi. Kwa umri wa mama, ombeni kipimo hicho kwa jina. Na waambieni kama amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka tu akiwa amesimama, kama kimo chake kimepungua, na dawa zote anazotumia, hasa za jamii ya steroidi.

Huenda mama atakuuliza: ikiwa yote haya yameonekana, ndiyo yanayoniuma? Si lazima yote. Matokeo ya utafiti mmoja wa Marekani yalitolewa mwaka 1994: watu 98 wasio na maumivu ya mgongo walipigwa picha za MRI za kiuno, na 52 kwa mia walikutwa na diski iliyotuna katika pingili moja au zaidi. Walikuwa wanatembea zao. Picha huonyesha umbo, haionyeshi uchungu, ndiyo maana daktari atambinya mama, atamkunja mguu na kumtazama anavyoinuka kitini kabla ya kuamini karatasi. Na asikae bila kutembea akidhani anaokoa gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, unaokamuliwa na kufyonzwa kila goti linapobebeshwa uzito na kupumzishwa. Atembee kwa kadiri anavyoweza, na aimarishe misuli ya mbele ya paja.

Kuna mambo yasiyongoja kliniki ya wiki mbili. Goti likiwa la moto, jekundu, limejaa ghafla na mama ana homa, mpeleke siku hiyohiyo, kwa kuwa vijidudu ndani ya kiungo hukila kwa muda mfupi. Akishindwa kuzuia haja au mkojo ukagoma kutoka, akafa ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au miguu ikaanza kuishiwa nguvu, hapo neva za mwisho wa uti zinabanwa, na kila saa ina thamani. Katika uliyoniandikia sioni dalili hizo. Nimezitaja ili uzijue ukiziona.

Sasa chukua karatasi ukae naye, umsomee hivi:

"Mama, goti lako la kulia limechakaa, zaidi upande wa ndani. Tandiko lililo kati ya mifupa limepungua unene, mfupa wa chini yake umekuwa mgumu, pembeni umechipua kidogo, na kuna maji kidogo yaliyozidi. Pingili za kiuno nazo zimechakaa, na ya nne imeteleza kidogo mbele ya ya tano. Mifupa yako imepungukiwa. Wingi wake utapimwa kwa mashine nyingine. Hakuna donge lililotajwa. Nilisema uvimbe kwa kukosa neno."